Mwenye Mbwa Hajulikani

Naomba kwanza ieleweke kwamba mimi, Hasina binti Swabir, mwanafunzi wa kidato cha tatu, sikuwahi kufuga mbwa. Nilimlisha tu. Kati ya kufuga na kulisha kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo niliitetea kwa miezi minne mbele ya mahakama ya kichwa changu, ambamo nilikuwa hakimu, wakili na mshitakiwa. Kila kesi nilishinda.

Kwetu ni Kinondo. Baba yangu ni khadimu wa msikiti wa mtaani kwetu: anaadhini, anafagia, anajaza birika maji ya kutawadhia, anafukuza mbuzi. Mtoto wa khadimu hafugi mbwa. Hakuna aliyeniambia hivyo, kama vile hakuna aliyewahi kuniambia nisiende shuleni nimevaa sufuria kichwani. Mambo mengine mtu huyajua mwenyewe.

Mbwa yule aliachwa. Watu wa Nairobi walipanga nyumba moja ya ufukweni, upande wa Galu, wakakaa tangu Januari wakiwa na kijibwa cha rangi ya mchanga. Walimpiga picha akiwa amevaa kofia. Walimpiga picha akiwa amevaa miwani. Siku ya kuondoka, mwezi wa Aprili, walipakia majiko, viti vya kukunja na mashua ya kujaza upepo, na mbwa hakuenea. Nilimkuta amekaa wima mbele ya lango lililofungwa, akiitazama barabara kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.

Nilimpa kichwa cha samaki changu nilichokuwa nimetumwa kukitupa. Basi. Kuanzia hapo akanifuata kila niendako, akinitazama usoni kana kwamba wakati wowote angeliandika jina langu kwenye orodha ya wapiga kelele. Nikamwita Kiranja.

Nilimlisha nyuma ya birika la msikiti. Najua. Lakini pale ndipo mahali pekee ambapo Baba hakuwa akitazama, kwa kuwa yeye hufagia mbele, na nyuma kuna ukuta na mpapai tu. Kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa wiki tatu, Kiranja alikula vichwa vya samaki na ukoko wa wali mahali palepale. Kisha shule zikafunguliwa. Nilimwambia, "Kiranja, nakwenda bweni. Tutaonana Agosti." Akatikisa mkia. Nikachukulia kuwa ameelewa, na kwamba mipango yake ya chakula ameshaifanya.

Shuleni nina sifa moja, na sijivuni nayo kupita kiasi. Ninaandika ilani. Muhula wa kwanza nilibandika ilani iliyowaamuru wasichana wote wafike ukumbini na mito yao ili ikaguliwe "usafi wa ndoto". Wasichana mia mbili walipanga foleni wamekumbatia mito, na naibu wa mwalimu mkuu akaanza kukagua, akafika mto wa thelathini na mbili ndipo akauliza amri ilitoka kwa nani. Siri ya ilani si maneno bali muhuri. Muhuri wangu ni kipande cha muhogo mbichi nilichokichonga kwa wembe, nikakichovya kwenye wino wa zambarau. Karatasi ikishapigwa muhuri wa zambarau, hakuna mtu anayeuliza.

Agosti nilirudi nyumbani. Mama alikuwa Tiwi kwa dada yake aliyejifungua, hadi arobaini iishe. Nilimkuta Baba ameinama kwenye sakafu ya saruji mbele ya msikiti, ndoo pembeni, kata mkononi, kanzu ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hapo. Hii ni ya tano."

"Ya tano nini?"

"Maji. Mbwa ameingia tena, akafanya uchafu wake. Leo ni siku ya tatu mfululizo."

Kwa asiyejua: kwetu uchafu wa mbwa hauondolewi kwa kufagia ukaendelea na shughuli zako. Panaoshwa mara saba, na mojawapo ya mara hizo maji huchanganywa na udongo. Na pale ndipo mikeka hutandikwa siku ya Ijumaa watu wanapozidi ndani. Baba hakuwa mtu wa kufika mara ya nne akasema inatosha. Alimimina, akasugua, akahesabu kwa sauti, na kila alipoinua ndoo aliishika bega la kulia kwa mkono wa kushoto, kama anayemshika mtoto asianguke.

"Nipe ndoo, Baba."

"Wewe umetoka safarini. Kapumzike."

"Maji unayatoa wapi? Mzee Musyoki haleti siku hizi?"

Alihesabu ya sita.

Nililazimika kuipata habari kwa vipande. Mzee Musyoki ni jirani yetu, Mkamba aliyekuja zamani kutoka Makueni na kupata shamba. Anauza maji kwa mkokoteni, na ana mbwa wawili wa kulinda mbuzi. Yeye si Mwislamu, lakini kwa miaka kumi na moja kila Ijumaa asubuhi alisimamisha mkokoteni kwenye lango la msikiti, akashusha mitungi sita na kumimina birikani bila kudai hata ahsante. Baba naye humpelekea futari yake kila Ramadhani, na Mzee Musyoki huila jua likishatua, kwa adabu, ingawa mchana amekula vizuri.

Uchafu ulipoanza, mwezi wa Mei, watu walisema: mbwa ni wa Musyoki, nani mwingine hapa mwenye mbwa? Baba akaenda kumwuliza. Na alimwuliza kwa namna ya kwetu. Alikaa, akazungumzia mvua. Akazungumzia mihogo na nyani wanaoila. Akaulizia wajukuu mmoja mmoja. Alipokwisha kuaga, akiwa tayari amevaa viatu, akasema, "Na mbwa wako, Mzee Musyoki, hawajambo?"

Mzee Musyoki akaelewa. Ijumaa iliyofuata mkokoteni haukuja, wala iliyofuata. Tangu hapo Baba aliteka maji mwenyewe kisimani, ndoo kwa ndoo, na bega likaanza kumsumbua.

Jioni ile nilikwenda nyuma ya birika. Kiranja alikuwa amelala chini ya mpapai, palepale nilipomwacha Aprili. Alikuwa mrefu zaidi na mwembamba zaidi, sikio moja limeraruka. Aliponiona hakubweka. Alikuja akitambaa kwa tumbo, akitoa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, akaniwekea kichwa juu ya kiatu. Miezi mitatu alikuja pale kila siku kungoja chakula cha alasiri. Na mbwa anayengoja mahali kutwa nzima, mambo yake yote atayafanya hapohapo au hatua chache tu kutoka hapo. Hapo nikayajua yote: nani aliyemleta msikitini, na bega la Baba lilikuwa mzigo wa nani.

Mtu mwema angelikwenda kwa baba yake akasema. Mimi nilikwenda kutafuta muhogo.

Nia yangu ilikuwa nzuri, na hilo liandikwe popote panapoandikwa nia. Nilitaka kumtoa Mzee Musyoki lawamani bila ya kuingia mimi. Asubuhi ya Ijumaa, kwenye lango la msikiti, kulikuwa na karatasi hii:

*ILANI KWA UMMA. Inatangazwa kwamba mbwa mmoja dume, rangi ya mchanga, aliyeachwa na wapangaji wa nyumba za ufukweni, na ambaye SI mbwa wa mkazi yeyote wa mtaa huu, ameonekana akijisaidia katika eneo la ibada bila ya kibali. Mwenyewe anatakiwa ajitokeze mara moja akiwa na kitambulisho chake na picha mbili za mbwa. Mbwa ambaye mwenyewe hatajulikana baada ya siku saba ataondolewa. Kwa amri: Afisa wa Mbwa na Masuala Yanayohusiana.*

Ile sentensi ya kuondolewa sikuifikiria. Naapa. Ilani zote huishia kwa tishio, kama barua zote zinavyoishia kwa "wako mtiifu". Niliiandika kwa sababu ndiyo inayoandikwa hapo.

Baba aliisoma akiwa amevaa miwani, mara mbili, akifuata maneno kwa kidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiuma leso nisicheke.

"Alhamdulillahi," akasema. "Serikali imetukumbuka."

Niliitoa leso kinywani. Alikwishaibandua karatasi kwa uangalifu asiichane, akaipeleka kwa mzee wa mtaa, Mzee Mwinga. Na Mzee Mwinga, ambaye hakupenda ionekane kuwa kuna jambo la serikali lililompita, akasema, "Naam, naam, nilishapigiwa simu juu ya hili." Baada ya sala aliisoma mbele ya watu wote, pamoja na "Masuala Yanayohusiana", kwa sauti nzito. Hakuna aliyecheka. Akasema siku saba zinaisha Ijumaa ijayo, na kijana Chome mwenye boda boda akajitolea kuwa ndiye atakayeondoa.

Nilikuwa na wiki nzima. Ningeweza kusema Jumamosi. Ningeweza kusema siku yoyote. Badala yake nikafanya mambo ya werevu. Nilijaribu kumlisha mbali, huko ufukweni; alikula, akanisindikiza hadi nyumbani, kisha akaenda msikitini. Nilimfungia kwenye choo kibovu cha nyumba ile ya kupanga. Akachimba chini ya mlango, akatoka. Jumatano Baba alimimina tena maji mara saba, na usiku ule nilimsikia akigeuka kitandani kwa sababu ya bega.

Alhamisi nikaenda kwa Mzee Musyoki. Nilimkuta akitia grisi gurudumu la mkokoteni. Mbwa wake wawili walikuwa wamefungwa kwenye mti, kila mmoja na bakuli lake la maji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mtoto wa Swabir. Umekuja kuulizia mbwa wangu kama hawajambo?"

Nilistahili. "Nimekuja kukuomba. Yule wa rangi ya mchanga, umchukue wewe. Wewe unajua mbwa. Mtu akikuuliza, useme umempokea tu."

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja baada ya kingine.

"Wewe mtoto. Nimekuona tangu Aprili ukimpa vichwa vya samaki nyuma ya tangi."

Niliyatazama mabakuli ya maji.

"Mbona hukusema, Mzee?"

"Niseme mtoto wa Swabir amemleta mbwa msikitini kwa Swabir? Mimi? Watu wangesema nini? Na babako angeweka wapi uso?" Akarudi kwenye gurudumu. "Nilingoja useme wewe. Naona unapenda kuandika kuliko kusema."

"Basi mchukue. Tafadhali. Kesho watamwondoa."

"Nikimchukua leo, nimekubali alikuwa wangu jana. Miezi mitatu nimekataa si wangu, na ni kweli si wangu. Nimeacha hata kupeleka maji. Sasa nivute kamba mbele yao?" Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Huyo mbwa ana mwenyewe. Mwambie mwenyewe aende kesho amchukue. Ni maneno mawili tu."

Ijumaa baada ya sala watu walisimama nje ya lango, wanaume upande mmoja, sisi wanawake kando ya ukuta. Mzee Mwinga alikuwa ameishika ilani yangu ndani ya mfuko wa nailoni isiingie unyevu. Baba alisimama karibu naye. Mzee Musyoki alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu. Chome akaja akimvuta Kiranja kwa kamba ya kufungia mizigo.

"Enyi waungwana," akasema Mzee Mwinga, "siku saba zimetimia. Yupo mwenye mbwa huyu?"

Watu wakatazamana.

"Nauliza mara ya pili. Yupo?"

"Mbwa anamjua bwana wake," mtu mmoja akasema nyuma, "mwachieni atuonyeshe!"

Watu wakacheka. Chome, kwa mzaha, akailegeza kamba.

Kiranja hakupoteza hata dakika. Alipita katikati ya kanzu zote zile, watu wakirukia pembeni na kuzishika nguo zao, akanijia mimi moja kwa moja. Akakaa miguuni pangu. Akaninyooshea shingo, akanilamba mkono wa kulia, kiganja na vidole vyote, taratibu, kana kwamba tuko peke yetu nyuma ya birika.

"He! Hasina!" akasema Chome. "Ni wako?"

Watu wote wakanigeukia. Nilimwona Mzee Musyoki akiinuka juu ya mkokoteni. Nilimwona Baba. Maneno mawili tu. Mimi ambaye naweza kuzungumza tangu kengele ya kuamka hadi ya kulala, niliambiwa niseme mawili.

"Simjui," nikasema. Kisha, kwa sababu nilikuwa bado mimi, nikaongeza: "Labda amependa manukato yangu."

Walicheka sana. Mbwa naye, alipoona watu wanacheka, akatikisa mkia.

Chome akaikaza kamba. Kiranja aliinuka akaenda naye bila ya kuvutana, ila alikuwa akigeuza kichwa kunitazama, si kwa hofu, bali kama anayeuliza kama naja. Akatiwa kwenye gunia la wazi mbele ya pikipiki, kichwa nje. Pikipiki ikaondoka kuelekea barabara kuu. Watu wakatawanyika wakirudia ule mzaha wa manukato.

Baba aliniita ndani ya ua. Akachukua ndoo na kata.

"Nipe mkono."

Akamimina maji juu ya mkono uliolambwa. Moja. Mbili. Ya tatu akayachanganyia udongo, akanisugua kati ya vidole kama alivyokuwa akininawisha nilipokuwa mdogo. Alihesabu kwa sauti. Alipofika ya saba akaiweka kata chini, akauliza:

"Anaitwa nani?"

"Nani, Baba?"

"Mbwa."

Hapo ndipo nilipolia. Nilisema yote kwa mpigo mmoja: jina lake, Aprili, vichwa vya samaki, mpapai, ilani. "Iliandikwa na mimi, Baba. Hakuna afisa yeyote."

"Na muhuri?"

"Muhogo."

Alikaa ukingoni mwa birika. "Muhogo," akarudia. Alinitazama, si kwa hasira. Ningependa ingelikuwa hasira. "Ulipokwenda shule ulimwachia nani amlishe?"

"Hakuna."

"Miezi mitatu?"

"Ndiyo, Baba."

Akainuka, akavuka barabara hadi kwa Mzee Musyoki, nami nyuma yake. Safari hii hakuzungumzia mvua. Hakukaa. Alisema, "Musyoki, nilikudhania vibaya. Mbwa ni wa nyumbani kwangu. Nakuomba radhi." Mzee Musyoki alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakumwachia, na wote wawili wakawa hawana pa kutazama, wakanitazama mimi.

"Chome alipita hapa," akasema Mzee Musyoki. "Alisema hana moyo wa kumwua. Anakwenda kumwacha Ramisi, kwenye miwa."

Simu ya Chome haikupatikana hadi jioni; alipopokea alithibitisha. Jua lilikuwa limekwisha kutua. Baba akasema twende asubuhi.

Jumamosi tulitoka baada ya sala ya alfajiri na mambo machache ya nyumbani, saa mbili tukawa barabarani, saa tatu kasoro tukashuka Ramisi. Miwa ilikuwa mirefu kuliko Baba, pande zote mbili za njia. Nilianza kuita, lakini sauti yangu ilikuwa imekauka kwa kulia, haikufika popote. Baba akanisogeza pembeni. Akavuta pumzi, mkono ukapanda wenyewe hadi sikioni kwa mazoea, akaushusha, kisha akaita:

"Kiranjaaa!"

Ile sauti mtaa mzima huamkia. Ilipita juu ya miwa ikaenda, na wakataji wakainua vichwa kutazama ni nini. Aliita tena, na tena, yule mzee wa kanzu, jina la mbwa, njia yote hadi kwenye mfereji na kurudi. Sikuweza kumtazama.

Mkataji mmoja, mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Kavenya, akatoka kwenye miwa na panga lake begani.

"Mnamtafuta yule wa rangi ya mchanga? Aliletwa jana na pikipiki. Pikipiki ilipoondoka aliikimbiza mpaka pale kwenye kona. Akakaa hapo barabarani, tukamrushia mkate, hakutaka. Giza lilipoingia akaondoka zake." Akaelekeza panga kaskazini. "Huko. Alikuwa anajua anakokwenda, huyo."

Huko ni Msambweni, na Gazi, na Kinondo.

Tukapanda gari la kurudi, Baba akitazama dirisha la kushoto, mimi la kulia. Msambweni hakuna kitu. Niliona mbwa wanne, hakuna aliyekuwa yeye. Nilianza kupata matumaini, kwa kuwa kila kilomita tuliyopita bila ya kumwona ilikuwa ni kilomita aliyokuwa ameimaliza. Nikamwambia Baba, "Pengine tutamkuta nyumbani, chini ya mpapai." Baba akasema, "Inshallah."

Penye njia panda ya Gazi kulikuwa na watu wamesimama mbele ya duka, kando ya lami. Nilipaza sauti gari lisimame kabla sijaona vizuri.

Alikuwa amelazwa ubavu mchangani. Usoni hakuwa na kitu, ungelidhani amelala. Nyuma ndiko kulikokuwa kumeharibika. Na hapo alipojikokotea baada ya kugongwa, mbele ya ngazi ya duka, alikuwa amejichafua, kama wafanyavyo viumbe wote wakati ule.

Mwenye duka, bwana mmoja mnene aitwaye Thoya, alikuwa amejaa hasira. "Tangu saa tatu nauliza, mwenye mbwa huyu ni nani? Hakuna! Nzi wamejaa, wateja wanaziba pua, na uchafu huu mlangoni kwangu. Mbwa akiwa hai ana mabwana kumi, akifa ni wa Thoya!"

"Ni wangu," nikasema.

Haikuwa vigumu hata kidogo. Maneno mawili.

Mmoja wa vijana wa boda boda alimtambua Baba. "Sheikh Swabir? Nawe wafuga mbwa siku hizi?"

"Wangu mimi," nikasema. "Si wa Baba. Ni wangu tangu Aprili."

Thoya alinitazama juu hadi chini. Hasira ikampungua, ikabaki lawama tu. "Sasa mama, mbwa wako anatembea kilomita zote hizo peke yake? Alifika hapa alfajiri nikifungua duka, kiu imemshika. Nikampa maji. Akalala chini ya benchi hili. Lakini kila gari likisimama anatoka kumwangalia anayeshuka. Anamnusa, anarudi kulala. Gari jingine, anatoka. Mpaka hilo la tatu au la nne, lori likalipita kwa upande wa pili."

Saa mbili na nusu sisi tulikuwa tumepita hapo. Gari letu halikusimama.

"Na jambo jingine," akasema Thoya. Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa na jeraha bichi la kisu. "Nilipompa maji alinilamba hapa. Amechanjwa kichaa?"

"Sijui."

"Hujui? Si umesema ni wako?"

"Ni wangu. Sijui kama alichanjwa."

"Ana umri gani?"

"Sijui."

"Alikuwa akila nini? Mbona mbavu zote zaonekana hivi?"

Nilitaka kumjibu. Nilifungua kinywa. Kwa kawaida nina kila jibu la kuchekesha duniani, na safari hii hata moja halikuja. Wakanitazama, na mmoja akasema polepole, "Basi, mwacheni mtoto."

Baba akamshika Thoya kiwiko. "Ndugu yangu, twende Msambweni hospitali, upigwe sindano. Nitakwenda nawe, na gharama ni yangu." Kisha akanigeukia. "Wewe utabaki. Usafishe hapa, kisha umzike. Nikirudi tutasaidiana kilichobaki." Akauweka mkono juu ya kichwa changu kidogo, wakaenda zao.

Niliazima jembe kwa vijana wa boda boda. Nikaondoa uchafu wa Kiranja mbele ya ngazi ya duka, nikamimina maji, nikasugua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kwa miezi yote minne sikuwahi kuuondoa hata siku moja.

Nikamvuta kwenye kichaka nyuma ya duka. Alikuwa mwepesi. Nilichimba, lakini kule ardhi ni jiwe la matumbawe chini ya mchanga wa kiganja kimoja, na kila pigo jembe lilikuwa likirudi na mlio. Kijana mmoja wa boda boda akaja akasimama, mikono mifukoni.

"Dada, alikuwa akienda wapi huyu?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Kinondo."

"Aa," akasema. "Alikuwa amekaribia." Akanitazama nikipiga jembe mara mbili tatu, akafungua kinywa kama anayetaka kunisaidia, lakini mteja akamwita kutoka barabarani, akakimbia.

Nikamlaza ndani. Shimo halikutosha. Kichwa na kifua viliingia, miguu ya nyuma ikabaki nje, nikamtoa, nikaanza kuchimba tena.